Maswali ya Wasomaji: Betri Zilizokwisha Huwekwa Wapi Japani?

Barua nyingi za wasomaji wetu walioko Japani safari hii zimeangukia jambo moja: betri. Tumezijibu kwa urefu, kwa sababu ganda la ndizi likiwekwa pasipo pake litaleta harufu tu, lakini betri huwasha moto, na anayeungua ni mtu wa gari la taka ambaye hakukukosea lolote.

SWALI: Ndugu wahariri, nina miezi minne tangu nipange chumba Yokohama. Nilikuwa na betri kumi na mbili za rimoti na saa ya ukutani, nikazitia pamoja na taka za kuchomwa. Gari lilipopita, mfuko uliachwa palepale umebandikwa karatasi. Rafiki yangu wa Osaka anasema kwao betri hupelekwa ofisini. Nani mkweli? – *Msomaji, Yokohama*

JIBU: Wote wawili. Japani haina kanuni moja ya taka za nyumbani. Sheria ya taka ya mwaka 1970 imeziachia manispaa kazi hiyo, na kila mji hupanga makundi yake na siku zake. Ushauri wa rafiki wa mji mwingine, hata awe ameishi huko miaka ishirini, usiufuate kabla hujasoma kijitabu cha mji wako.

Yokohama betri kavu hutolewa siku ileile ya taka za kuchomwa, ila ndani ya mfuko wa peke yake unaoonyesha kilichomo. Kwa hiyo siku uliipatia. Ulichokosea ni mfuko. Jiji la Osaka nalo lina masanduku ya kupokelea betri kavu kwenye ofisi za kata. Kwingine zimo kwenye kundi la *yūgai gomi* (有害ごみ), yaani taka zenye madhara, ambalo huenda likachukuliwa mara moja tu kwa mwezi. Kwingine tena huhesabiwa *moenai gomi* (燃えないごみ), taka zisizochomwa. Ndani ya Tokyo kwenyewe, ukivuka barabara ukaingia kata nyingine, utaratibu waweza kubadilika.

Neno la kutafuta kwenye kijitabu ni *kandenchi* (乾電池), betri kavu. Hapo ndipo zilipo alkalaini na manganizi za kawaida, kuanzia *tan-1*, ile nene ya tochi kubwa, hadi *tan-3* ya rimoti na *tan-4* iliyo nyembamba zaidi. Kijitabu hutolewa unapoandikisha anwani kwenye ofisi ya mji. Kama ulikipoteza kirudie tu, na uulize kama kipo cha Kiingereza au cha Kijapani chepesi. Mtandaoni, andika jina la mji wako kwa Kijapani ukifuatisha 乾電池 捨て方, maana yake "betri kavu, namna ya kutupa".

Wakati unasubiri siku yake, ziweke kwenye chombo cha plastiki kikavu chenye mfuniko. Usiziweke kwenye kopo la chuma, wala kwenye droo yenye funguo na sarafu.

SWALI: Betri imekwisha, saa haiendi, rimoti haiwaki. Tepu ya nini tena? Kubandika betri ishirini moja moja ni kupoteza muda. – *Msomaji, Saitama*

JIBU: Betri tunayosema imekwisha ni betri iliyokataliwa na kifaa fulani. Tupu haijawa. Alkalaini ya *tan-3* ikiwa mpya ina volti 1.5. Kichezeo chenye mota kinaweza kusimama betri ikishuka karibu na volti 1, na bado betri hiyohiyo ikaendesha saa ya ukutani kwa siku nyingi. Umeme umo.

Sasa zirundike ishirini ndani ya mfuko mmoja. Kichwa cha moja kinagusa kitako cha nyingine, ufunguo au kipande cha foili kinaingia katikati, na umeme unapita njia ya mkato: ndiyo shoti. Betri inapata joto, gesi inajaa ndani, kizibo cha usalama kinaachia na dawa inamwagika. Ikiwa pembeni pana karatasi, moto hauko mbali. Inayotisha kuliko zote ni ile ya mstatili ya volti 9, inayoandikwa 006P. Ncha zake mbili zimekaa upande mmoja, hivyo sarafu moja inatosha kuziunganisha. Hiyo ifunike hata kama mji wako hausemi neno kuhusu tepu.

Tumia tepu ya plastiki ya mafundi umeme, *binīru tēpu*, inayopatikana kwenye maduka ya yen 100. Selotepu ya kawaida nayo yafaa. Tepu ya alumini usiiguse, kwa kuwa inapitisha umeme. Kipande cha sentimita mbili kinatosha kwa kila ncha, na ziba zote mbili, chanya na hasi. Ila usiizungushie betri nzima hadi maandishi yakapotea, maana kuna mtu kwenye mkanda wa kuchambulia anayehitaji kuona ni betri ya aina gani.

Ukiwa nazo ishirini, zipange mezani kwa mstari, vichwa vyote upande mmoja, vuta tepu ndefu moja juu ya vichwa, kisha kata kati ya betri na betri. Geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika chache.

SWALI: Nina betri nne za kuchaji zenye umbo la tan-3, na betri ya drili niliyoagiza mtandaoni. Duka la vifaa vya umeme lilipokea zile nne, ya drili likaikataa. Nimeondoka nimekasirika. Ni ubaguzi? – *Msomaji, Aichi*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ni masharti ya sanduku lenyewe, na yeyote angekataliwa.

Kwanza ulifanya vizuri kutozichanganya hizo nne na betri kavu. Umbo ni lile lile na tofauti imeandikwa ubavuni: volti 1.2 badala ya 1.5, herufi Ni-MH, au neno 充電式 (*jūdenshiki*, ya kuchaji). Betri ndogo za kuchaji zina njia yake. Tangu 2001 sheria imewabebesha watengenezaji jukumu la kuzikusanya na kuzirejeleza, nao hufanya hivyo kupitia chama chao kiitwacho JBRC. Lile sanduku la manjano kwenye maduka makubwa ya vifaa vya umeme na baadhi ya maduka ya zana ni lake. Mara nyingi halikai wazi. Liko nyuma ya kaunta, hivyo uliza.

Angalia alama ya mishale inayozunguka iliyochapwa kwenye betri. Chini yake pameandikwa aina, na rangi pia husaidia: bluu ni Li-ion (lithiamu ya kuchaji), rangi ya chungwa ni Ni-MH, kijani cha majani machanga ni Ni-Cd. Lakini alama peke yake haitoshi. JBRC hupokea betri za kampuni zilizo wanachama wake tu, kwa kuwa ndizo zinazolipia kazi hiyo. Betri nyingi za mtandaoni zinazotengenezwa kuiga zile za kampuni kubwa hazimo kwenye orodha. Vilevile hawapokei betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowa maji, au iliyovuliwa ganda lake la nje.

Hiyo ya drili, anza na aliyekuuzia, baadhi huzipokea. Akikataa, piga simu manispaa. Aprili 2025 Wizara ya Mazingira iliziandikia manispaa ikizitaka ziwe na njia ya kupokea betri za lithiamu za wakazi, zikiwemo zilizovimba au kuharibika. Miji haiendi kwa kasi moja, hivyo jibu la mwaka juzi la "hatupokei" huenda limebadilika.

SWALI: Pawabenki yangu imevimba mpaka kifuniko kimeachana. Bado inachaji simu. Nimeifunga kwenye taulo nikaiweka kabatini, maana nina watoto. Nifanyeje? – *Mama wa wawili, Kanagawa*

JIBU: Dada, itoe kabatini leo, na uitoe kwenye taulo.

Kuvimba ni gesi. Dawa ya ndani imeanza kuoza na kutoa gesi ambayo haina pa kutokea. Kati ya pande mbili za betri ya lithiamu kuna utando mwembamba kuliko unywele, na ukichanika, pande hizo hugusana, joto hupanda ghafla, na dawa yenyewe ni ya aina inayoshika moto. Kwamba bado inachaji simu si dalili ya uzima. Usiichaji tena, usiitumie tena. Usiitoboe ili itoe gesi wala usiibonyeze irudi umbo lake, hata kama umeona video ya mtu akifanya hivyo.

Ziba matundu ya waya kwa tepu. Iweke ndani ya sufuria kuukuu au kopo la bati lenye mchanga mkavu chini. Funika juu bila kubana, gesi ipate njia. Chombo kikae sakafuni, mbali na mapazia, magodoro na mlango wa kutokea, pasipopigwa na jua, watoto wasipofika.

Kisha piga simu ofisi ya usafi ya mji, *seisō jimusho* (清掃事務所), au idara ya mazingira. Sema hivi: *"Mobairu batterī ga fukurande imasu. Doko ni daseba ii desu ka?"* yaani pawabenki imevimba, niipeleke wapi. Neno *fukurande* ndilo litakalowafanya wakupe jibu tofauti na la betri nzima. Wapo watakaokuambia uilete ukaikabidhi mkononi kwa mfanyakazi. Usiiache kimyakimya ndani ya sanduku la wazi.

Ikianza kutoa moshi au kurusha cheche, waondoe watoto kwanza. Usiisogelee inaporusha moto. Cheche zikitulia, imwagie maji mengi au tumia kizimamoto, na upige 119, namba ya zimamoto na gari la wagonjwa. Maji yanafaa kwa betri hizi, ila yawe mengi, kwa sababu kazi yake ni kuipoza betri.

Na pawabenki nzima usiyoitaka tena? Itumie mpaka taa zake zisiwake, ziba matundu, na uipeleke ilivyo bila kuifungua. Kamwe isiingie mfuko wa taka. Gari la taka lina bamba la chuma linalokandamiza mifuko, na hapo ndipo utando ule huchanika. Desemba 2024 kituo cha taka cha Moriya, mkoani Ibaraki, kiliungua, na betri ya lithiamu ndiyo iliyoshukiwa. Kituo kikisimama, taka za miji kadhaa hukosa pa kwenda.

SWALI: Betri ndogo za duara za saa na mzani, zote ni kundi moja? – *Msomaji, Fukuoka*

JIBU: Zinafanana, ila njia ni mbili. Soma herufi za mwanzo zilizochongwa mgongoni. Zinazoanza na SR, LR au PR ni *botan denchi* (ボタン電池), betri za kitufe. Baadhi, hasa za zamani, zina zebaki, na kwa sababu hiyo tangu 2009 chama cha watengenezaji betri kimeweka makopo maalumu ya kuzikusanyia kwenye maduka ya vifaa vya umeme, ya saa, ya kamera na ya vifaa vya usikivu. Zinazoanza na CR au BR, kama CR2032, ni lithiamu za volti 3. Hazina zebaki na haziingii kwenye makopo hayo. Miji mingi huziweka pamoja na betri kavu.

Herufi zikiwa zimefutika, tarakimu za CR zikisomeka nusu zinaweza kusaidia: 2032 maana yake kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ikishindikana kabisa, mwonyeshe muuzaji wa saa.

Zifunge moja moja. Kata selotepu ya sentimita tano, weka betri nusu ya kwanza, kunja nusu ya pili juu yake, bana kingo. Fanya hivyo papo hapo unapoitoa kwenye kifaa. Usiiache mezani hata kwa dakika tano kama nyumbani mna mtoto. Betri ya namna hii ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa "imekwisha". Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe na usisubiri uone itatoka lini. Piga 119 na uende na pakiti ya betri hiyo.

SWALI: Mswaki wa umeme, spika za masikioni na feni ya mkononi havifunguki. Nivivunje nitoe betri? – *Msomaji, Chiba*

JIBU: Usivunje. Bisibisi ikiteleza ikaichoma betri ya lithiamu, utakuwa umeshaishika mkononi. Vifaa vidogo vina sheria yake, inayotumika tangu Aprili 2013, na manispaa nyingi zina masanduku ya *kogata kaden* (小型家電) kwenye ofisi za mji, maktaba au maduka makubwa. Tundu lake huwa dogo, mara nyingi karibu sentimita 15 kwa 30, na kisichopita hapo kina utaratibu mwingine. Soma bango kabla ya kutumbukiza, kwa kuwa baadhi ya masanduku hayo yanakataa kabisa kifaa chenye betri ndani na kukutaka uende kaunta.

Simu ni rahisi zaidi. Maduka ya kampuni za simu hupokea simu, betri na chaja za chapa yoyote bila malipo, hata kama si mteja wao. Futa taarifa zako kwanza na utoe laini. Kompyuta ina mpango wake wa watengenezaji, na betri ya baiskeli ya umeme ipeleke duka la baiskeli.

SWALI: Rimoti imejaa unga mweupe na betri zina majimaji. – *Msomaji, Gifu*

JIBU: Hiyo ni dawa ya alkalaini iliyovuja, inayounguza ngozi na macho. Vaa glavu za plastiki, toa betri, zifute kwa karatasi kavu, ziba ncha, zitie kwenye kifuko chao kidogo cha plastiki kabla ya mfuko wa betri kavu. Ndani ya rimoti pitisha kijiti cha pamba chenye siki kidogo, kisha kingine chenye maji, uache ikauke siku nzima. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano hivi na uende hospitali.

SWALI: Nimesoma kwamba betri kavu za Japani hazina zebaki tangu zamani. Kwa nini basi tunasumbuliwa? – *Msomaji, Hokkaido*

JIBU: Ni kweli, za manganizi ziliacha zebaki mwaka 1991 na alkalaini mwaka 1992. Lakini kwenye mfuko wako hatuwezi kujua kama hamna ya kutoka nje, au ya redio ya bibi wa jirani iliyolala miaka thelathini. Na hata pasipo zebaki, mle ndani mna zinki, manganizi na chuma.

Tena wewe uko karibu na mwisho wa safari yake. Betri kavu kutoka manispaa nyingi za nchi nzima hupelekwa Itomuka, milimani katika mji wa Kitami, Hokkaido, mahali palipokuwa mgodi wa zebaki. Utaalamu wa kuitoa zebaki kwenye mwamba sasa unatumika kuitoa kwenye betri: huingizwa tanuri, zebaki iliyomo hugeuka mvuke na kunaswa, halafu mabaki hutenganishwa, chuma kikienda upande mmoja, zinki na manganizi upande mwingine. Betri ya lithiamu ya kuchaji ikijificha kati ya hizo huleta moto njiani, ndiyo maana tunang'ang'ania kuzitenga.

SWALI: Narudi nyumbani mwezi ujao. Nibebe pawabenki zangu kuukuu, au nimwachie mwenye nyumba? – *Msomaji, Tokyo*

JIBU: Iliyovimba au kupasuka haipandi ndege hata kidogo, na mwenye nyumba si mahali pa taka. Nzima unaweza kuibeba, ila ndani ya mkoba wa mkononi. Kwenye sanduku la mizigo ni marufuku. Piga hesabu ya wati-saa, yaani kiasi cha umeme inaobeba: namba ya mAh iliyoandikwa juu yake gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti zilizoandikwa. Ya mAh 10,000 na volti 3.7 ni wati-saa 37. Chini ya 100 kwa kawaida huruhusiwa, kati ya 100 na 160 si zaidi ya mbili, zaidi ya 160 haipandi. Kwa vyovyote, uliza shirika la ndege kwanza ni ngapi unaruhusiwa. Ziba matundu kwa tepu, na kwenye ndege zinazotoka Japani usiiweke kabati la juu: tangu Julai 2025 mashirika ya huko hutaka ikae unapoiona.

Betri kavu na vifaa vibovu vishughulikie wiki nne kabla ya safari. Kama kundi lenu huchukuliwa mara moja kwa mwezi, ukikosa siku hiyo hutapata nyingine. Pipa la konibini, yale maduka madogo yanayokesha, lisikushawishi, na kichaka cha nyuma ya jengo ndiyo kabisa: kutupa taka ovyo Japani kuna adhabu ya hadi miaka mitano ya kifungo au faini ya hadi yen milioni 10. Ukichelewa, chukua mfuko wako mpaka ofisi ya usafi na uwaeleze tarehe ya ndege: *"Raishū kikoku shimasu"*, ninarudi nchini kwetu wiki ijayo, na uwaulize ni kituo gani kinapokea mtu akileta mwenyewe.